Tunasoma Nguo, Hatusomi Karatasi

Wateja wangu wanaolalamika zaidi ni wahadhiri. Mmoja akija kubaindi ripoti yake, haondoki mpaka aseme kwamba Watanzania hawasomi. Anayasema hayo akiwa kwenye foleni ya watu ambao kila mmoja ameshika karatasi. Kuna mwenye barua ya serikali ya mtaa, kuna mama mwenye bili ya maji anayotaka kwenda kuibishia, kuna binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimekosewa herufi moja kwenye jina la baba, na herufi hiyo inamzungusha mwezi wa pili sasa. Hawa wote wamesoma. Binti yule ameisoma ile herufi mpaka anaiota.

Nina steshenari jirani na soko la Majengo, Dodoma mjini. Mashine ya kopi, printa mbili, kompyuta mbili, mashine ya kulaminisha, na kona ya picha za pasipoti yenye kitambaa cha bluu ukutani. Kopi shilingi 100, kuprinti 200 nyeusi, 500 ya rangi. Kwa hiyo mtu akiniambia watu hawasomi ni kama ananiambia mimi sili.

Ninavyoona mimi, watu wanasoma kutwa. Ila macho tumeyaelekeza upande mmoja. Nguo ya mtu tunaisoma mpaka pindo: tunajua ni kitenge cha bei gani, kimeshonwa na fundi wa wapi, kama viatu ni vyake au ameazima. Karatasi itakayomkata mtu hela mwaka mzima tunaipindua upande wa pili kutafuta mahali pa kusaini. Nimekaa kwenye kaunta hii muda wa kutosha kuona kwamba jambo la kwanza ndilo linalozaa la pili, na mara nyingi hela inayokopwa bila kusoma inakwenda kununua kitu cha kusomwa na watu wengine.

Nianze na koti, maana ndilo linaloniletea ugomvi. Kwenye kona ya picha nimetundika makoti mawili, jeusi kubwa na la kijivu dogo, pamoja na tai tatu ambazo fundo lake halifunguliwi kamwe. Mteja anaingiza kichwa, anavuta, basi. Kola ya lile jeusi imeng'aa kwa jasho na losheni za watu. Kila jioni naipangusa kwa spiriti na asubuhi inang'aa vilevile. Mgongoni nabana vibanio vya nguo, viwili au vitatu kutegemea mwili wa mtu, ili likae vizuri kifuani. Ukitazama picha unamwona afisa. Ukimtazama mwenyewe pale kwenye stuli unaona kaptula na ndala.

Lile jeusi nililinunua mtumbani, Sabasaba. Lina lebo ya Marks & Spencer, na mfuko wa ndani ulikuwa na tiketi ya dobi ya huko lilikotoka. Wanaotaka mitumba ipigwe marufuku waje wakae kwenye kona hii wiki moja. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walishakubaliana mwaka 2016 kwamba mitumba iondoke ifikapo 2019. Marekani ikakumbusha habari ya AGOA, mpango wake wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Nyingine zikalegeza, Tanzania ikiwemo. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishwa kuuza nguo kwa utaratibu huo. Habari ikaishia hapo, na makoti yakaendelea kushuka bandarini.

Msimu wa koti ni usaili. Makao makuu kuhamia Dodoma kuliamuliwa mwaka 1973, kukakaa kwenye makaratasi miaka na miaka, hadi Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba sasa tunahama kweli. Tangu hapo, Sekretarieti ya Ajira, inayosaili waombaji wa kazi za serikali, ikiita watu, vijana wanashuka stendi ya Nanenane kutoka Kigoma, Mtwara, Musoma, wengine hawajawahi kukanyaga mji huu. Unawatambua kwa mbali. Begi mgongoni, bahasha ya kaki ya vyeti kwapani, na shati jeupe kwenye hanga ndani ya mfuko wa nailoni, limeshikwa mkononi safari nzima lisikunjike. Viatu navyo viko kwenye mfuko wake, kwa sababu vumbi la Dodoma halina adabu kwa kiatu cheusi. Wanavaa viatu hivyo wakifika getini.

Hawa mtu asiniambie hawasomi. Tangazo la kuitwa kwenye usaili wanalijua kwa kichwa, hasa pale palipoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hati za matokeo HAZITAKUBALIWA. Wanakuja na vyeti halisi na kopi zilizogongwa mhuri na wakili, na ambao majina yao yanatofautiana cheti kwa cheti wana hati ya kiapo. Usiku wa kuamkia usaili nafunga duka saa tano. Na hapo katikati ya karatasi zote, swali linaloulizwa kwa sauti ya chini ni la nguo. Kaka, hii tai inaendana? Dada, sketi hii si fupi? Nimewahi kuona wawili wakigawana jozi moja ya viatu: mmoja ameitwa saa mbili, mwenzake saa nne, wakakubaliana wabadilishane chini ya mti.

Kinachonishangaza ni kwamba awamu ya kwanza ni mchujo, mtihani wa kuandika. Humo ndani hakuna anayekuangalia tai. Wanahesabu alama. Lakini kijana anavaa kwa ajili ya mchujo kama anavyovaa kwa ajili ya mahojiano, na simlaumu, kwa sababu kabla ya karatasi kuna mlinzi. Ofisi nyingi za serikali zina bango mlangoni lenye picha za mavazi yasiyotakiwa, yamepigwa msalaba mwekundu: kimini, kaptula, suruali ya mlegezo, jinzi iliyochanika, blauzi ya mgongo wazi. Utumishi wa umma una waraka wake wa mavazi wa mwaka 2007. Wasichana waliorudishwa getini wanakuja kwangu kuulizia kanga. Siuzi kanga, lakini jirani yangu mama ntilie anazo mbili za kuazimisha, na amana yake ni simu.

Wala nchi hii haikuanza jana kusoma nguo. Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana Dar es Salaam, vita dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Vijana wakasimama mitaani kupima mapindo ya dada zao. Ujamaa wenyewe ulikuwa na mavazi yake: kiongozi alitakiwa aonekane mwenzenu, suti ya Kaunda ikawa sare ya uongozi, na mpaka leo mkurugenzi akitaka kuonyesha kwamba ni mtu wa kazi anaivaa.

Halafu likaja lile la Juni 2021, ambalo mimi sitalisahau kwa sababu lilitokea hapahapa, ndani ya Bunge la Bajeti. Tarehe 1 Juni mbunge mmoja mwanamke alitolewa ukumbini kwa sababu ya suruali yake. Mji mzima ulikuwa suruali. Bajaji, saluni, kwa mama ntilie, kwangu kwenye foleni: imebana, haikubana, ni ya kijani, ni ya njano, mbona picha inaonyesha ya kawaida tu. Kila mtu alikuwa ameisoma ile suruali na ana maoni. Siku tisa baadaye, tarehe 10 Juni, Waziri wa Fedha akasoma hotuba ya bajeti. Ndani yake mlikuwa na tozo ya miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kila unapotuma au kutoa hela, kutegemea kiasi. Haikufichwa. Ilisomwa kwa kipaza sauti, ikarushwa redioni, ikachapishwa. Dukani kwangu hakuna aliyeizungumza. Ilipoanza kukata tarehe 15 Julai watu wakashika vichwa, makelele yakawa makelele, na Septemba serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Mwezi mzima tulikuwa nayo mezani, sisi tunajadili mshono.

Sisemi nguo ni upuuzi. Mtu asiye na mjomba serikalini hana kingine cha kutanguliza mbele yake ila shati lililopigwa pasi. Nasema tuna uwezo mkubwa wa kusoma kwa makini, na tumeutumia wote upande mmoja.

Hebu tazama kadi za harusi. Hizi ndizo zinazonilipia pango kuanzia mavuno yakishaingia mpaka Desemba. Maneno yake hayabadiliki: familia ya fulani wa Ilazo inayo furaha kukutaarifu kuwa inatarajia kumwozesha kijana wao mpendwa, hivyo unaombwa mchango wako wa hali na mali, tafadhali wasilisha kwa aliyekuletea kadi hii au kupitia namba zifuatazo. Hakuna anayesoma hayo. Mtu anapokea kadi, anaipima kwa vidole: ni karatasi ngumu au nyepesi, ina utepe, imekunjwa mara ngapi, dhahabu yake inabanduka ukiisugua? Kwa kuishika tu anajua ukumbi utakuwa upi na chakula kitakuwaje. Ndipo anashuka chini kabisa kutafuta kiwango: single 50,000, double 100,000. Ukishatoa, unaletewa kadi ya pili, ya mwaliko, siku hizi yenye zile alama za mraba za kuskaniwa mlangoni. Usipotoa, mashine haikujui, hata kama bibi harusi ulimbeba mgongoni.

Kisha zinaanza meseji. Mpendwa, kamati inakukumbusha ahadi yako. Mpendwa, zimebaki siku kumi. Mshahara ukisoma tu, mweka hazina ameshajua. Na katikati ya meseji hizo ndipo matapeli walipopenyeza ile yao maarufu: ile hela tuma kwenye namba hii. Kila Mtanzania mwenye simu ameipokea. Tunaicheka, tumeitengenezea vichekesho, na bado inaliwa nayo hela ya watu, kwa sababu mtu mwenye ahadi tatu kichwani haulizi ni hela ipi. Anabofya. Simu inamwonyesha jina la anayetumiwa, jina ambalo hajawahi kulisikia, inamuuliza kama ana uhakika. Anaweka namba ya siri. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinionyesha ujumbe wa muamala wa namna hiyo huku akilia. Siku ileile asubuhi alikuwa amesimama kaunta kwangu akinieleza kwa ufasaha kabisa kwamba mwenyekiti wa kamati yao amevaa saa feki, na namna alivyoitambua.

Sare nayo ni habari ya kujitegemea. Kamati inachagua kitenge, picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, na kumbe jora lote liko kwa mtu mmoja tu, ambaye ni wifi wa mjumbe. Bei yake haina mjadala. Fundi naye, akijua ni sare ya harusi, anakupa bei ya harusi. Send-off ina rangi yake, kitchen party ina rangi yake, siku yenyewe ina rangi yake. Mafundi cherehani wa Majengo wana madaftari ya vipimo manene kuliko daftari langu la madeni. Na usipovaa sare, utakaa kwenye viti vya nyuma na wale waliokuja kwa sababu walisikia muziki.

Kuhusu vitabu nisiseme sana. Maktaba ya mkoa ipo na viti vinajaa, ila wengi humo wamekwenda na madaftari yao, wanajiandaa na mitihani. Vitabu ninavyoona vikisomwa kwa hiari ni vya utajiri, na vingi havijafika hata kuwa vitabu: ni PDF, zinauzwa WhatsApp na wahamasishaji, shilingi 5,000 hadi 10,000, mbinu za kutoka kimaisha ukiwa na mtaji mdogo. Mteja analeta kwenye flashi niprinti. Kurasa 90 ni 18,000, kubaindi 2,000. Mpaka hapo kitabu kimeshatajirisha watu wawili, mwandishi wake na mimi.

Sasa nije kwenye karatasi zisizosomwa kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni katiba ya kikundi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hela bila riba, iko kisheria. Ili kuipata, kikundi kinahitaji usajili, katiba, andiko la mradi, akaunti ya benki na mihtasari ya vikao. Wanakikundi wanafika kwangu saa tisa alasiri na kuomba katiba ya kesho asubuhi. Kila steshenari mjini ina katiba kwenye kompyuta. Unabadilisha jina, unabadilisha kata, unaprinti. Katiba moja nimeiona ikizunguka mji huu na kurudi dukani kwangu ikiwa na jina jipya kwenye jalada na jina la kikundi kingine, cha wafuga kuku, limesahaulika kwenye ibara ya adhabu. Wanachama wote walikuwa wameisaini kila ukurasa. Kikundi kilikuwa cha waosha magari. Nikawaonyesha, wakacheka sana, wakaniambia niache tu, kwani nani ataisoma? Aliisoma afisa maendeleo ya jamii. Wakarudishwa, dirisha likafungwa, na mmoja wao baada ya wiki chache akaja kutoa kopi ya karatasi ya aina ya pili.

Karatasi hiyo ya pili ni ya kausha damu, mikopo ya riba kali. Wakopeshaji wenyewe wanaiita huduma za fedha, wana ofisi ya chumba kimoja, meza, kalenda, kijana mwenye pikipiki. Siwasemi wote: kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wapo wenye leseni ya Benki Kuu wanaofuata taratibu. Nawasema wale ambao mkataba wao ni kurasa nne za maandishi madogo na sehemu moja tu iliyotiwa rangi ya njano: ya saini. Wapo wanaoshikilia kadi ya benki ya mtumishi na namba yake ya siri, wanakwenda kutoa hela wenyewe siku ya mshahara na kumwachia nauli. Walimu wanalijua hili. Naona kopi za kadi hizo zikipita kwenye mashine yangu, mbele na nyuma.

Na kuna za kwenye simu, ambazo hazina hata karatasi ya kupindua. Unapakua programu, inakuuliza kama unakubali masharti, unabofya ndiyo. Wewe hukuyasoma masharti, lakini programu imesoma namba zote kwenye simu yako, na ukichelewa siku mbili mama mkwe anapokea meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Niliiprinti nikaibandika ukutani, karibu na bei. Watu wanaisoma kwa bidii, wanatafuta kama ile yao imo, kwa matumaini kwamba ikiwemo deni limekufa.

Ukimuuliza anayekopa hela hiyo anaitaka ya nini, mara chache atakuambia mtaji. Ada ya mtoto, ndiyo, Januari hasa. Msiba. Mgonjwa. Na harusi. Harusi inajitokeza kuliko nilivyotegemea, na si harusi yake yeye. Ni ya kualikwa.

Ndiyo maana nataka kusimulia habari ya bibi mmoja. Ni Mgogo wa Mvumi, anaishi Chang'ombe kwa binti yake, anauza karanga na ubuyu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto, enzi za kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yakafunguliwa chini ya miti, kwenye maghala, popote, na kufika 1986 serikali ikatangaza kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Bibi ni zao la kampeni ile. Anasoma kwa kidole na kwa sauti, neno kwa neno, na hairuki hata namba ya ukurasa.

Aliingia Ijumaa moja mchana, foleni imefika nje, na mkataba kwenye mfuko wa rambo. Nyuma yake kijana wa pikipiki, kofia ngumu mkononi.

"Mbukwenyi," akasalimu.

"Shikamoo bibi. Kopi ngapi?"

"Marahaba. Mbili. Lakini nipe kiti kwanza nisome."

"Bibi, kuna watu."

"Nimewaona. Na wao wanipishe nisome."

Akakaa. Kidole kikaanza juu, kwenye jina la kampuni, kikapita sanduku la posta, kikashuka. Mkopaji atapewa shilingi laki tatu. Ada ya fomu elfu kumi na tano, itakatwa kabla. Riba asilimia ishirini. Kidole kikasimama.

"Ishirini ya mwaka?"

Kijana akasema hiyo ni kawaida tu bibi, saini pale penye njano. Bibi hakumtazama. Akasogeza kidole mpaka mwisho wa mstari: kwa mwezi. Miezi mitatu. Marejesho kila wiki. Kila siku ya kuchelewa, faini elfu tano. Dhamana: televisheni, kitanda, cherehani, na eka nusu ya zabibu Mvumi.

"Eka ya zabibu nani kawaambia?"

"Ulisema mwenyewe ulipojaza fomu."

"Fomu nilijaza au ulijaza wewe?" Akageuza ukurasa. "Wewe hii umeisoma?"

"Mimi bibi nakusanya tu."

Akaniomba kalenda na kalamu. Nikampa kikokotoo, akakikataa. Akaandika nyuma ya karatasi yangu mbovu, kwa tarakimu kubwa za kisomo: laki tatu, sitini mara tatu, laki nne na themanini. Akagawanya kwa wiki kumi na mbili. Elfu arobaini kila wiki, kwa mwuza karanga. Akakaa akiitazama ile hesabu, kisha akaanza kuandika pembeni hela ilikuwa inakwenda wapi. Mjukuu wake, mjukuu wa kaka yake, anaoa. Kitenge cha sare ya zambarau 65,000. Kushona 35,000. Mchango 100,000, kwa sababu binti yake alisema wakitoa single wataonekanaje. Viatu. Nauli ya gari la kukodi.

"Kumbe gauni hili ni laki nne na themanini," akasema, kwa foleni nzima.

Mwanamume mmoja aliyekuwa anasubiri kulaminisha leseni alitoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaanza kuitafuta riba. Kijana wa pikipiki akatoka kwenda kupiga simu na hakurudi. Bibi akaukunja mkataba, akaniambia kopi hataki tena, akanunua bahasha moja ya 100 kwa ajili ya heshima ya kiti.

Asidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kudharau sare. Aliitaka sana. Alikwenda kwenye kikundi chake cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kile chenye sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, akakopa 150,000. Riba wanatoza, lakini inabaki kwenye sanduku na Desemba wakivunja wanagawana wenyewe. Mchango akatoa single. Binti yake alinuna, akaja dukani kuniambia kwamba mimi ndiye niliyempa mama yake kiti. Viatu bibi alinunua vipya, vya kisigino kifupi, vya bei, na hakukubali mtu amseme juu ya hilo.

Baada ya harusi alirudi na picha kwenye simu ya mjukuu, anataka kubwa, A4, ilaminishwe. Amekaa mstari wa mbele na sare yake. Zambarau haimpendezi hata kidogo, inamfanya aonekane mgonjwa, na fundi aliweka mabega ya kupuliza ambayo yamemmeza shingo. Nikamwambia amependeza. Nikaprinti, nikalaminisha, nikamwambia elfu nne.

Akainua kidole ukutani, kwenye karatasi yangu ya bei, ile niliyoibandika kitambo kabla wino haujapanda. Akaanza juu, kwenye jina la duka. Kopi. Kuprinti nyeusi. Kuprinti rangi. Picha A4, elfu moja na mia tano. Kulaminisha A4, elfu moja.

"Mbili na nusu," akasema, na akazihesabu kabisa mbele yangu, noti moja ya elfu mbili na sarafu ya mia tano.